Walezi Walionenepa

Mimi nina wivu. Naanza na hilo ili mtu asije akanitafutia sifa za bure. Wenzangu wana shinikizo la damu, wengine wana vidonda vya tumbo, mimi nina wivu. Ukimsifia mwenzangu mbele yangu nitacheka, meno yote nje, lakini ndani kijiba cha roho kimeshanikaba. Mdogo wangu anaijua tabia hii tangu tukiwa wasichana. Alikuwa akinitania kwamba hata nikifa nitamwonea gere maiti mwenzangu aliyepewa kaburi lenye kivuli.

Kazi yangu ilikuwa kulea seli. Kwa miaka kumi na tisa nilikaa kwenye chumba kimoja cha maabara, chumba chenye makabati mawili ya joto, hadubini moja, meza ya kioo inayopuliza hewa safi, na friji ambalo mlango wake haufungiki mpaka uupige teke la upole. Seli zetu zinakaa kwenye chupa bapa za plastiki, na asubuhi yoyote ungenikuta nimeinua chupa kwenye mwanga, naikagua huku naisemesha. Ndiyo maana wakaniita Mama Chupa. Shahada sina. Niliingia pale kuosha vyombo, nikafundishwa kidogo kidogo, nikawa fundi.

Sasa sikiliza vizuri, maana usipoelewa hapa hutaelewa ubaya nilioufanya. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Huko huzaliwa seli changa ambazo bado hazijui zitakuwa nini. Baadhi yake husafiri mpaka kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inaitwa thaimasi, kwenda kusomea uaskari. Zikihitimu zinaitwa seli T, na bila hizo mafua tu yanakuua. Lakini hazigeuki zenyewe. Kila seli changa ina vipokezi kwenye ngozi yake, tuseme ndiyo masikio yake. Ndani ya tezi kuna seli nyingine za kulea, zimebeba ujumbe kwenye ngozi zao, na ujumbe ule haurushwi hewani. Lazima mlezi na mtoto wagusane. Kipokezi kikishika ujumbe, kipande chake kinakatika kwa ndani, kinakwenda mpaka kwenye kiini cha seli na kuamuru: acha mengine yote, kuwa askari. Na kuambiwa mara moja hakutoshi, ni kugusana siku baada ya siku, wiki nzima nzima. Mtoto asiyeguswa anageuka kitu kingine, au anakufa. Profesa wetu akiwaeleza wageni alikuwa akimalizia, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," wageni wanacheka, na mimi nasimama pembeni na koti langu jeupe najiona mkuu wa shule.

Kwani walezi walikuwa wangu! Maabarani hakuna tezi. Kuna seli za kulea zilizopewa ujumbe ule, tunazitandaza chini ya sahani ndogo za plastiki, halafu juu yake tunamwaga seli changa. Tunaziita walezi. Walezi hawa wana ugonjwa mmoja: hawavumilii kubanana. Kila baada ya siku mbili lazima uwagawe, chupa moja iwe tatu, kabla hawajagusana mabega. Ukichelewa, wananenepa. Sitanii. Wanaanza kujiwekea vitone vya mafuta ndani yao, na mlezi akishanenepa halei tena. Yupo hapo, mzima wa afya, lakini mtoto akimgusa hapati neno la maana. Vitone vile vinapoanza ni vidogo mno, asiyezoea anaviona kama vumbi. Mimi naviona. Profesa alikuwa haanzi jaribio lolote kabla hajapitisha kichwa mlangoni na kuuliza, "Mama Chupa, walezi wameamkaje?" Nikisema bado, ni bado, hata kama wageni wamekaa wanasubiri.

Basi, kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto wa mdogo wangu nilimleta mwenyewe, wala sikusukumwa. Alikuwa amemaliza chuo kwa alama za kutisha, anatafuta mahali pa kufanyia utafiti wa udaktari wa vitabu. Mdogo wangu akanipigia simu. "Dada, mwanao huyu yuko ndani anahesabu mabati ya paa. Mtafutie mlango hapo kwenu." Nikaenda kwa Profesa, nikamwombea. Alikuwa mwanangu kweli, maana alisomea kwangu miaka minne, nikimsuka nywele kila Jumamosi, na mpaka leo ananiita mama mkubwa. Maabarani tu ndiko tulikokubaliana aniite Mama Chupa kama wengine, watu wasije wakasema tunabebana.

Nikamfundisha. Namna ya kuinamisha chupa, namna ya kumwaga chakula chao kwenye ukuta wa chupa kisiwapige, namna ya kutambua harufu ya chupa iliyoingia ukungu kabla macho hayajaona. Alishika haraka kuliko mtu yeyote niliyepata kumfundisha, na mwanzoni nilijivuna nalo. Usione vyaelea, nikawa nawaambia watu, vimeundwa.

Mwaka haukuisha, wakaanza kumwita Dokta Mdogo. Akaletewa koti jipya lenye jina lililotariziwa kwa uzi wa buluu. Langu jina liliandikwa kwa kalamu ya wino na lilishafifia, ukilisoma haraka unadhani ni doa. Profesa akawa anapitisha kichwa mlangoni kama kawaida, ila macho yananiruka. "Dokta Mdogo, walezi wameamkaje?" Naye anajibu, "Wazuri, Profesa, tuwape saa mbili tu." Saa mbili! Nani alimfundisha mambo ya saa mbili? Nimeinama kwenye meza ya kioo, mrija wa pipeti mkononi, masikio yananiwaka moto. Siku nyingine wakicheka ofisini kwake nilikuwa nazima feni ya meza makusudi ili nisikie wanachocheka.

Na mdogo wangu naye, Mungu anisamehe. Binti alipokuwa hana kazi alikuwa "mwanao." Alipoanza kung'aa akawa "mwanangu." "Dada, umesikia? Mwanangu anakwenda kusema mbele ya watu mia tatu! Yeye na Profesa!" Nikamwambia hongera sana, nikakata simu, nikasugua sufuria lililokuwa safi.

Miaka kumi na tisa, na mimi sijawahi kupelekwa hata mtaa wa pili kusema mbele ya watu watatu. Aliyeko juu mngoje chini, nikajisemea. Hiyo ndiyo ilikuwa dua yangu wiki ile, na niliisema kwa moyo wote.

Wiki hiyohiyo ndiyo ilipokuja kazi ya mtoto. Hospitali iliyo ng'ambo ya barabara ilikuwa na mtoto wa miezi tisa aliyekuwa haponi: kifua, kuhara, utando mweupe mdomoni usiokwisha. Walipima damu yake wakakuta hana seli T kabisa. Daktari wa watoto alikuwa na swali moja. Je, seli changa za mtoto huyu ni viziwi, masikio yake yana kasoro ndiyo maana hazisikii ujumbe? Au seli ni nzima, ila tezi yake ndiyo haina wa kuzifundisha? Majibu mawili, njia mbili. Ikiwa seli ni viziwi, inabidi wamfute uboho wake wote kwa dawa kali, halafu wampandikize wa baba yake. Ikiwa tezi ndiyo mbovu, uboho wa baba haumsaidii kitu, maana nao utafika kwenye shule isiyo na mwalimu, na dawa zile kali zinaweza kumuua bure. Ni walezi wetu tu wangeweza kujibu. Weka seli changa za mtoto juu ya walezi wazima: zikigeuka askari, seli ni nzima. Zikishindwa, ni viziwi. Kazi akapewa Dokta Mdogo.

Ijumaa asubuhi alitandaza walezi wabichi, niliowaandaa mimi, akaweka juu yake seli za mtu mwenye afya ili ziwe kipimo cha kulinganisha. Za mtoto zilikuwa zije mchana. Mchana hospitali ikapiga simu: mtoto ana homa, sindano ya kumchota uboho nyongani imesogezwa hadi Jumanne. Za mtu mwenye afya zilishatolewa kwenye baridi, hazirudishwi. Ikabidi ziendelee peke yake. Hapo ndipo ulipoingia ufa, maana seli za mtoto sasa zingekaa juu ya walezi wa siku nyingine.

Jioni ile yeye na Profesa walikuwa wanasafiri kwenda kwenye mkutano wao wa watu mia tatu. Alinikuta natundika koti.

"Mama mkubwa," akanong'ona, kwa kuwa hapakuwa na mtu. "Naomba Jumapili unigawie walezi. Nikirudi Jumanne niwakute wachanga kwa ajili ya yule mtoto."

"Nenda kahutubie," nikasema. "Nitawagawa."

Alinikumbatia. Alikuwa amepaka manukato ambayo sikuyajua.

Jumapili sikwenda. Sikuugua, sikupata mgeni, hapakuwa na mvua. Nilikaa sebuleni na miguu juu ya kigoda, saa ya ukutani inakwenda, najiambia: leo na yeye aone walezi hawajigawi wenyewe. Nilitaka arudi awakute wamebanana, ahangaike, Profesa amuulize, aaibike kidogo. Aibu ndogo tu, ya saizi yake. Mtoto mgonjwa hata hakunijia akilini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa namwona yeye na koti lake la uzi wa buluu tu.

Jumatatu nilifika alfajiri, nimeshaanza kujuta, nikawagawa mbiombio. Nikaweka chupa chini ya hadubini. Vitone vilikuwepo. Havikuwa vingi, bali kwenye kila mlezi wa tatu au wa nne kulikuwa na vile vidoa vinavyong'aa. Nikajua wameshaharibika. Dawa yake ilikuwa moja: kuwatupa wote, kutoa walezi wengine kwenye pipa la baridi kali, na kuwasubiri wiki nzima waamke. Seli za mtoto zingegandishwa zisubiri nao. Ila ningelazimika kusema kwa nini. Nikajipa matumaini kwamba kugawanywa kutawarudisha, ingawa kwa miaka kumi na tisa sijawahi kuona mlezi aliyenenepa akarudi.

Jumanne saa nne Dokta Mdogo aliingia mbio na kichupa cha uboho mkononi, koti halijafungwa vifungo. Akavuta kiti.

"Mama Chupa, walezi wako sawa?"

Profesa alikuwa nyuma yake, anamsimulia mtu kwenye simu jinsi ukumbi ulivyompigia makofi binti huyu.

"Wako sawa," nikasema.

Hakuinama kwenye hadubini. Alichukua chupa moja kwa moja, akawatandaza walezi kwenye sahani, akaanza kazi.

Wiki zilizofuata nilikuwa nakwenda kuzichungulia sahani zile wenzangu wakienda kula. Za mtu mwenye afya zilichanua. Seli za mtoto zilipungua, zikapungua tena, zikaanza kujikunja. Ningeweza kusema siku ya tano. Ningeweza kusema siku ya kumi. Kila siku niliyonyamaza iliongeza uzito wa ile iliyotangulia, na mtu akishazama maji ya shingo haoni faida ya kupiga kelele. Kisha ikaja siku ya mashine ya kusoma seli, na yaliyonipata hapo nakuapia niliyastahili. Profesa aliangalia michoro ya matokeo, akampiga Dokta Mdogo begani. "Kazi safi kabisa! Huku askari tele, huku hakuna hata mmoja. Kipokezi cha mtoto huyu ni kibovu, na kasoro ya namna hii sijawahi kuiona. Hii tutaiandika." Mimi nilitaka kumtia aibu, kumbe nimempandisha ngazi nyingine. Nikaenda chooni nikalia. Na nisikufiche, nililia kwa wivu kwanza.

Alhamisi tukaitwa hospitalini kwenye kikao. Mimi nilikwenda kubeba kompyuta na makabrasha. Kilikuwa chumba kidogo, meza ndefu, pazia lililokosa kulabu mbili. Walikuwepo Profesa, Dokta Mdogo, daktari wa watoto, ambaye ni mwanamama mfupi asiye na maneno mengi, na mama wa mtoto, aliyeitwa ili aelezwe. Alikuwa mshona nguo. Nilijua kwa ile futi ya kupimia aliyoisahau shingoni.

Daktari wa watoto akaeleza kwamba dawa za kufuta uboho zitaanza Jumatatu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Na zikishaingia, halafu ikaonekana mlikosea?"

"Zikishaingia hakuna kurudi nyuma, mama. Ndiyo maana tulisubiri kipimo. Bila uhakika tusingethubutu."

"Na uhakika mnao?"

Daktari akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Dokta Mdogo. Yeye akakohoa kidogo, akamgeukia mama yule kwa heshima.

"Tunao, mama."

"Hatuna," nikasema.

Sauti ilitoka kabla sijaiandaa. Wote wakageuka kule nilikosimama na makabrasha yangu karibu na pazia. Profesa akatabasamu, akidhani nimechanganyikiwa. "Mama Chupa, vipi?"

"Walezi walikuwa wamenenepa," nikasema. "Wale waliowekewa seli za mtoto. Jumapili ile sikuja kuwagawa. Jumatatu nikaona mafuta. Jumanne niliulizwa nikasema wako sawa. Hizo seli za mtoto hazikufunzwa na mtu. Kama ni viziwi au si viziwi, sisi hatujui."

Mama wa mtoto alikuwa anatutazama mmoja mmoja, anajaribu kupata maana ya unene na mafuta.

"Kwa nini?" Profesa akauliza.

"Wivu," nikasema. Nilikuwa na maneno mengine niliyoyapanga usiku kucha, ya uchovu na umri na magoti. Yote yalinikimbia.

Profesa hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alimgeukia Dokta Mdogo, na sauti yake ilikuwa ya baridi kuliko nilivyowahi kuisikia. "Na wewe? Sahani ni zako, jina ni lako. Kwa nini hukuangalia mwenyewe?"

Binti akanigeukia mimi.

"Kwa sababu nilimuuliza mama mkubwa."

Akasema hivyo, mama mkubwa, mbele ya watu.

"Huwa namuuliza yeye kila mara, Profesa. Ukija asubuhi ukaniuliza walezi wameamkaje, nakuwa nimeshamuuliza yeye. Ninachokujibu ni alichosema yeye. Mimi vitone vidogo vile bado sivioni. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke. Miezi yote ile naungua kwa sababu jicho langu halihitajiki tena, kumbe kila neno lililokuwa linatoka kwenye kinywa cha binti yule lilikuwa langu. Kila asubuhi aliniuliza. Nilidhani ni salamu.

Mama wa mtoto ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo mwanangu atachomwa tena?"

"Ndiyo," daktari wa watoto akasema, akiniangalia mimi. "Inabidi."

Alichomwa tena Jumanne iliyofuata. Nilikwenda, ingawa sikuitwa, nikasimama kwenye korido nje ya kioo. Walimpa dawa ya ganzi, lakini ganzi ni ya ngozi, mfupa una maumivu yake. Alikuwa kitoto chepesi, kichwa kikubwa kuliko mabega. Mama yake alimshika mikono yote miwili na kumwimbia kitu masikioni huku uso wake mwenyewe umelowa. Nilisikiliza kilio chote mpaka kikaisha. Sikujiruhusu kuondoka.

Mimi nilipewa barua na kurudishwa kuosha vyombo, chumba kilekile nilichoanzia nikiwa na nywele nyeusi. Sikupinga. Kabla sijakabidhi funguo, Profesa aliniamuru kitu kimoja: nimfundishe binti kuona vitone. Kwa siku tatu tukakaa kwenye hadubini ile, bega kwa bega, hatusemi neno lolote lisilo la kazi. Nikawaacha walezi wa mazoezi makusudi wabanane, nikamwonyesha saa kwa saa wanavyoanza. "Hapa?" "Hapana, hilo ni vumbi. Chezesha mwanga. Likibaki linang'aa ukingoni, ni mafuta." Siku ya tatu akaniita nikiwa nafuta meza, akaniwekea kidole kwenye picha ya hadubini. Kitone kilikuwa kidogo, ningekipita hata mimi. Nikamwambia ndiyo. Na hapohapo, mbele ya Mungu, wivu ukanichoma tena, mpya kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamwambia ana jicho zuri. Ndiyo sentensi nzito kuliko zote nilizowahi kusema, na sidhani kama aliusikia uzito wake.

Safari hii seli za mtoto na seli za mtu mwenye afya ziliwekwa siku moja, juu ya walezi wa chupa moja. Mdogo wangu hakunipigia simu mwezi mzima. Simlaumu.

Siku ya matokeo nilikuwa kwenye sinki, mikono ndani ya maji ya sabuni. Nikasikia mayowe upande wa pili wa ukuta, viti vinaburuzwa, Profesa anacheka kile kicheko chake cha kikohozi. Sikuthubutu kwenda. Mfagizi wetu ndiye aliyepita akaniambia: seli za mtoto zimekua, askari tele, sawasawa na za yule mwenye afya. Hazikuwa viziwi hata kidogo. Tezi yake ndiyo haikujijenga tangu tumboni. Zile dawa za Jumatatu zingemfuta uboho mzima usio na kosa. Sasa anaandikishwa kwenye foleni ya kupandikizwa kipande cha tezi, kinachotolewa kwa watoto wanaopasuliwa moyo, na foleni yenyewe ni ndefu, lakini ndiyo njia yake. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikashindwa hata kufunga bomba.

Jioni ile mama wa mtoto alikuja maabara kuwashukuru. Nilimsikia akipita vyumba vyote, asante huku, asante kule, na sauti ya Dokta Mdogo ikimwambia hapana mama, tusamehe sisi. Nikadhani ameshaondoka. Kumbe alikuwa ameuliza nilipo. Mlango wa chumba cha kuosha ukafunguliwa, akasimama pale na mkoba wake begani.

Nikafuta mikono kwenye aproni. Nikasema, "Karibu."

"Sikai," akasema. "Ulifunua mdomo wako siku ile, mwanangu yuko hai. Hilo najua. Nimekuja kukushukuru."

"Usinishukuru, mama."

"Nakushukuru. Lakini kuna jingine." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ana makovu mawili nyongani. Kila nikimwogesha nayaona. Moja ni la ugonjwa wake. La pili ni lako."

Nilimwambia ndiyo, ni langu. Akatikisa kichwa kwamba amesikia, akaufunga mlango taratibu, akaenda kwa mtoto wake.